Sailensa Inayopanda na Kushuka

Kwa wiki tatu pikapu yangu ilikuwa inahema. Haikuwa inatetemeka wala kuzima. Nikisimama na kutoa mguu kwenye mafuta, injini inapanda yenyewe, vuuum, halafu inaanguka kama inataka kukata roho, halafu kabla haijafa inapanda tena. Mshale wa mizunguko unafika 1,900, unarudi 1,100, unakwenda 1,900. Safari moja ya kwenda na kurudi ni kama sekunde mbili. Rafiki niliyempa lifti aliniuliza kwa upole kama nina tatizo la mguu.

Mafundi huita hali ya injini kuunguruma bila kukanyagwa mafuta sailensa. Najua wapo ambao wakisikia sailensa wanafikiria lile kopo la bomba la moshi, na mazungumzo yanapotea dakika kumi kabla watu hawajaelewana. Humu nikisema sailensa nina maana ya mizunguko ya injini ikiwa imetulia, gia iko huru, mguu uko chini kwenye zulia. Kwa injini nyingi za petroli za silinda 4 inatakiwa iwe kati ya 700 na 850 kwa dakika. Ya kwangu ilikuwa haijui inataka nini.

Pikapu yenyewe ni ya mwaka 1991, injini ya petroli, silinda 4, mfumo wa nozeli badala ya kabureta. Si gari la maonyesho. Imebeba mchanga, mbao, na mara moja ng'ombe aliyekuwa na hasira. Nilikuwa nimeizoea ikidai mambo madogo madogo, kwa hiyo ilipoanza kuhema nilifanya kosa ambalo nadhani karibu kila mwenye gari kuukuu amewahi kulifanya: nilianza kununua vitu.

Nilibadilisha plagi. Nikabadilisha waya za plagi, kifuniko cha distribyuta na roto yake. Chujio la petroli nalo likaenda. Hakuna hata kimoja kilichogusa tatizo, ingawa plagi za zamani zilikuwa zimechoka kweli na sijutii kuzitoa. Halafu nikafika kwenye kile kifaa kidogo kilichofungwa ubavuni mwa throto bodi, lango la hewa ya injini, sensa inayoiambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kama kipepeo cha hewa kimefungwa au kimefunguliwa. Niliichomoa plagi yake injini ikiwa inahema. Papo hapo kuhema kukakoma! Injini ikasimama kwenye mizunguko kama 2,000, imetulia tuli, japo juu mno.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Mwizi nimemkamata. Nikanunua sensa mpya, nikaifunga, nikaipima, nikawasha. Injini ikapata moto, ikaanza kuhema vilevile, kama vile hakuna kilichotokea.

Nilikuwa nimeshika ushahidi wa kweli na nimeusoma kinyume, na kuelewa ni kwa nini kulinichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Inabidi nianze na hewa.

Injini ya petroli haidhibitiwi na petroli, inadhibitiwa na hewa. Pedali tunayoiita ya mafuta haigusi mafuta kabisa; inafungua kipepeo, hewa inaingia, na mfumo mwingine unahesabu petroli ya kufuatana na hiyo hewa, takriban gramu moja kwa kila gramu 14.7 za hewa. Kwenye magari mengi ya rika la pikapu yangu, hewa inapimwa na kibao chenye springi kilicho baada ya boksi la chujio. Hewa ikipita inakisukuma kibao, nacho kinatuma umeme unaolingana na kiasi kilichosukumwa. Bosch walitoa mfumo wa namna hii mwaka 1974 wakauita L-Jetronic, na hiyo L ni ya Luft, hewa kwa Kijerumani. Hata jina linakwambia uangalie wapi.

Sasa, mguu ukiwa chini kwenye zulia kipepeo kimefungwa. Injini inaishi kwa hewa kidogo inayopita pembeni, kwenye vijia vyembamba vilivyochongwa ndani ya throto bodi. Kijia kimoja kina skrubu ya kurekebishia sailensa. Kingine, kwenye injini kama yangu, kina valvu ndogo ya nta ambayo nitairudia, maana ndiyo iliyonichezea shere. Magari ya baadaye kidogo yana valvu ya umeme inayofanya kazi zote hizo kwa amri ya kontroli boksi.

Hapa kuna tofauti ambayo laiti ningeijua tangu siku ya kwanza ningeokoa wiki mbili. Hewa ya ziada ni ya aina mbili. Ipo iliyopita kwenye kile kibao, ikahesabiwa, halafu ikapata njia kubwa kuliko inavyostahili ya kukizunguka kipepeo. Hiyo inapewa petroli yake kamili, kwa hiyo injini inapanda kwa nguvu, kama umekanyaga. Na ipo iliyoingia kwa mlango wa nyuma, kupitia mpira uliopasuka au gasketi iliyochoka, kibao hakikuiona. Hiyo haipewi petroli. Mchanganyiko unakuwa mwembamba, injini inamisi, inatetemeka, inakosa nguvu, pengine inazima ukiwasha taa. Ile ya kwanza inafanya injini iwe na kiherehere. Ya pili inaifanya iwe mgonjwa. Yangu ilikuwa na kiherehere, nami niliitibu kama mgonjwa.

(Kama gari lako halina kibao wala sensa ya kupima mkondo wa hewa, bali lina sensa inayopima mgandamizo ndani ya manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, tofauti hiyo haipo sana. Kwenye mfumo huo hewa ya wizi nayo inaonekana kwenye hesabu, inapewa petroli, na sailensa inapanda badala ya kudhoofika. Kwa hiyo kabla ya kufuata ushauri wa mtu yeyote, nikiwemo mimi, jua kwanza gari lako linapimaje hewa.)

Lakini kupanda ni jambo moja, kushuka ni jingine. Kwa nini isipande tu ikakaa huko?

Kwa sababu kontroli boksi ina sheria yake. Unaposhuka mlima na mguu umeutoa kwenye pedali, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na petroli wakati huo ni upotevu. Kwa hiyo waliounda mfumo waliandika: kipepeo kikiwa kimefungwa na mizunguko ikiwa juu ya kiwango fulani, kata petroli, mizunguko ikishuka chini ya kiwango kingine, rudisha. Viwango hutofautiana kwa kila gari, lakini kwa injini iliyopata moto ni huko kwenye 1,500 hadi 2,000 kwa kukata, na chini zaidi ya hapo kwa kurudisha.

Weka hayo pamoja. Hewa ya ziada iliyohesabiwa inapandisha injini. Inafika 1,900. Kontroli boksi inatazama: kipepeo kimefungwa, mizunguko iko juu, basi bila shaka tunashuka mlima. Inakata petroli. Injini inaanguka. Ikifika 1,100 petroli inarudi, hewa ya ziada bado ipo, inapanda. Mlima mwingine! Gari limesimama barazani na kompyuta yake inaamini inashuka milima thelathini kwa dakika.

Ndiyo maana kuchomoa ile sensa kulikomesha kuhema. Sikuwa nimemkamata mwizi, nilikuwa nimemziba macho mlinzi. Kontroli boksi haikujua tena kwamba kipepeo kimefungwa, haikukata petroli, injini ikakaa palepale ambapo hewa ya ziada iliipeleka. Zile 2,000 zilizotulia ndizo zilikuwa tatizo halisi. Kupanda na kushuka kulikuwa ni matokeo tu ya kifaa kizima kinachotii amri.

Wahandisi wamelijua jambo la namna hii kwa muda mrefu. Mwaka 1788 James Watt aliweka kwenye injini ya mvuke yale matufe mawili yanayozunguka na kubana mvuke kasi ikizidi, na mitambo mingi iliyofuata ilionyesha ugonjwa wa kupita kiasi juu, kisha kupita kiasi chini, bila kutulia. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu ni lini mtikisiko kama huo hufifia na ni lini hukua. Chanzo cha kawaida ni ucheleweshaji: kidhibiti kinajibu jambo ambalo tayari limeshapita. Napenda kufikiria hivyo nikiwa nimelala chini ya gari na grisi machoni.

Kulikuwa na dalili mbili ambazo zingenifikisha huku mapema. Ya kwanza: asubuhi injini ikiwa baridi haikuhema. Ilianza baada ya dakika kumi hivi, geji ya joto ikifika katikati. Injini baridi inaruhusiwa kuwa na sailensa ya juu, na kontroli boksi inakiinua kiwango chake cha kukata petroli ili isigombane nayo. Joto likifika, ruhusa inaondolewa. Ya pili: nikigusa pedali kidogo tu, kiasi cha kukitoa kipepeo mahali pake, kuhema kunakoma. Ni jambo lilelile la kuchomoa sensa. Gari lako likiwa na dalili hizo mbili kwa pamoja, usinunue kitu. Tafuta hewa.

Nilianza kuitafuta, kwa uaminifu wote, mahali pasipo penyewe.

Nilipita kwenye kila mpira wa vakyumu, yaani wa mvuto wa hewa wa injini. Njia ninayoipenda ni mpira mwembamba wa mita moja, ncha moja sikioni, nyingine ikitembea karibu na viungo. Mahali panapovuja panalia sss ambayo sikio peke yake haliipati kwa makelele ya feni. Nyingine ni kubana kila mpira kwa koleo lililofungwa kitambaa na kusikiliza kama injini inabadilisha sauti. Nyingine ni maji ya kawaida kwenye chupa ya kupulizia: nyunyizia kwenye kingo za gasketi ya manifodi, na kama injini inashtuka, umepata. Wapo wanaopulizia kisafisha kabureta au kitu kingine kinachoshika moto. Inafanya kazi vizuri, hadi siku utakapogusa manifodi ya moshi iliyo nyekundu. Mimi nina nyusi na ninazipenda.

Breki busta, kile kinacholainisha pedali ya breki, nayo ni mfuko mkubwa wa vakyumu, na watu huisahau. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa. Ikizama kidogo chini ya mguu, busta iko salama. Yangu ilizama. Valvu ya kupumulia mvuke wa oili niliitoa nikaitikisa. Ikicheza ndani chaka-chaka ni nzuri, ikiwa bubu ibadilishe. Yangu ilicheza. Na kwa injini zenye kile kibao kuna jaribio moja la bure kabisa: fungua kifuniko cha kujazia oili wakati injini iko kwenye sailensa. Hapo unaingiza hewa isiyohesabiwa kwa makusudi, na injini nzima inatakiwa ilegee au ikaribie kuzima. Isiposhtuka kabisa, maana yake tayari inavuta hewa pengine na shimo lako halikuongeza kitu. Yangu ililegea mara moja. Jibu lilikuwa wazi: hakuna hewa ya wizi ya kutosha kuleta fujo hii. Sikulisikiliza. Nilipata mpira mmoja mdogo uliopasuka nyuma ya manifodi, nikaukata, nikaurudisha, nikatangaza ushindi. Injini ikahema.

Hapo ndipo nilipofanya jambo la aibu. Nilichukua bisibisi nikaifunga ile skrubu ya sailensa, taratibu, robo kwa robo, hadi mwisho. Mizunguko ilishuka kidogo, kuhema kukawa kwa mbali zaidi, nikaona si haba. Siku mbili baadaye ikarudi kama kawaida, na sasa asubuhi gari lilikuwa gumu kuliko mwanzo.

Nilimpelekea mzee mmoja ambaye ametengeneza magari tangu enzi za kabureta na ambaye hana haraka na kitu chochote. Alisikiliza injini mikono ikiwa nyuma.

"Umegusa nini?" akauliza.

Nilimtajia plagi, waya, distribyuta, chujio, sensa. Skrubu sikuitaja. Mficha uchi hazai, lakini siku hiyo nilikuwa radhi kubaki tasa.

"Maji umeangalia?"

"Mzee, hii ni sailensa, haipati moto. Na chupa ya maji imejaa, tazama."

Chupa ya akiba kweli ilikuwa imejaa hadi kwenye mstari. Hakuitazama. Aliingiza mkono chini ya throto bodi, akashika mipira miwili midogo, minene kama kidole, ambayo mimi nilikuwa nimeipita mara ishirini bila kujiuliza inabeba nini. Kisha akauchukua mkono wangu akauweka palepale.

Injini ilikuwa imewaka nusu saa. Mpira mkubwa wa rejeta ulikuwa hauguswi kwa moto. Ile miwili midogo ilikuwa vuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa.

"Haina maji hapa," akasema. "Ina upepo."

Sasa ile valvu ya nta. Injini ikiwa baridi inahitaji hewa zaidi ili isizime, kwa hiyo ndani ya throto bodi kuna kijia kilicho wazi asubuhi. Pembeni yake kuna kikopo kidogo kilichojaa nta, na maji ya injini yanapitishwa hapo kwa ile mipira miwili. Maji yakipata moto nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma kijiti, kijia kinafungwa taratibu. Hakuna umeme, hakuna waya. Ni teknolojia ileile iliyo ndani ya thamostati, na ni imara ajabu, kwa sharti moja: lazima maji ya moto yaifikie.

Throto bodi imekaa juu kwenye injini, karibu pa juu kabisa kuliko sehemu zote zinazopitiwa na maji. Maji yakipungua lita moja au mbili, huko juu ndiko hewa inakokusanyika. Sehemu ya chini ya injini bado ina maji ya kutosha, sensa ya joto iko ndani ya maji, geji inaonyesha katikati, hakuna kinachochemka. Lakini nta iko kwenye povu la hewa na inaamini bado ni alfajiri. Kontroli boksi inaamini ni mchana. Mmoja anamwaga hewa ya asubuhi, mwingine anakata petroli ya mchana, na wewe umekaa katikati unanunua sensa.

Lakini chupa ilikuwa imejaa! Hilo ndilo lililoniuma. Tuliacha gari lipoe kabisa kabla ya kufungua kifuniko cha rejeta, na hili sitanii: mfumo unabana hadi karibu ba 0.9, maji yanakaa bila kuchemka hata yakipita nyuzi 110, na ukifungua yakiwa na moto yanageuka mvuke usoni kwako. Yalipopoa tukafungua. Ndani ya rejeta maji hayakuonekana. Nilichungulia na tochi, nikaona mirija mikavu.

Kinachotakiwa kutokea ni hiki: injini ikipata moto maji yanatanuka, ziada inasukumwa kwenye chupa kwa mpira mwembamba. Injini ikipoa, rejeta inavuta na kuyanyonya maji yaleyale kurudi. Mpira wangu mwembamba ulikuwa umepasuka shingoni, palepale unapoingia kwenye rejeta, ufa mdogo kama kucha. Kutoka, maji yalipita mengi yakafika chupani. Kurudi, rejeta ilinyonya hewa kwenye ufa kwa sababu hewa ni nyepesi kuivuta kuliko maji ya chupani. Kila siku ilitoa maji kidogo na kurudisha upepo. Chupa ilikuwa inajaa kadiri rejeta ilivyokuwa inakauka, nami kila asubuhi naitazama chupa na kuridhika.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo kwamba kuna hewa inaingia mahali. Niliitafuta upande wa hewa. Ilikuwa upande wa maji.

Kutengeneza kulichukua saa moja na nusu, na sehemu kubwa ilikuwa kusubiri. Tulikata mpira mpya, tukabadilisha na kifuniko cha rejeta kwa sababu raba yake ilikuwa ngumu kama ganda. Tukaliegesha gari pua ikiwa juu kwenye mteremko ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko throto bodi. Swichi ya hita tukaiweka kwenye moto hadi mwisho, kuyapa maji njia ya kupita kila mahali. Tukajaza maji yaliyochanganywa na kulanti, tukawasha kifuniko kikiwa wazi. Mzee akawa anaubinyabinya mpira wa juu kama mtu anayekamua. Mapovu yakaanza kutoka, blop, blop. Thamostati ilipofunguka maji yakazama ghafla na tukaongeza. Jumla iliingia karibu lita mbili. Nikashika ile mipira miwili midogo. Nikautoa mkono haraka.

Na injini ilifanya kile ambacho sikuwa nimekiona kwa mwezi. Kutoka 1,600 ikaanza kushuka taratibu, bila kutapatapa, 1,400, 1,200, 1,000. Nilikuwa natabasamu. 800. 600. Ikatetemeka, ikazima.

Mzee akanitazama.

"Na nini kingine umegusa, mwanangu?"

Nikaitaja skrubu. Alicheka hadi akakaa. Nilikuwa nimefunga njia halali ya hewa ili kupunguza ya haramu. Sasa ya haramu imeondoka, injini haina pa kuvutia pumzi. Tukaifungua mizunguko miwili na nusu hivi, tukaanza upya. Kabla ya kuiweka sawa alitaka taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, ihakikishwe, na yuko sahihi, maana taiming iliyosogea inabadilisha sailensa na utakuwa unarekebisha kitu kimoja kwa kuharibu kingine. Kwenye magari ya namna hii kuna vitobo viwili vya kuunganisha kwa kiwaya kwenye plagi ya uchunguzi, ili kontroli boksi iache kuongeza taiming wakati unapima. Kwa injini ya 22R-E ya Toyota, mathalani, alama inatakiwa isomeke nyuzi 5 kabla ya pistoni kufika juu, kiwaya kikiwa kimeunganishwa, na sailensa 750 kwa gia ya mkono. Usipounganisha utasoma namba kubwa zaidi, utairudisha nyuma, na gari litapoteza nguvu bila wewe kujua kwa nini. Yangu ilikuwa imesogea kidogo. Kuna skrubu nyingine, ile inayozuia kipepeo kisifunge kabisa, ambayo kiwandani hutiwa rangi kama muhuri. Hiyo alinionyesha na kuniambia nisiitazame hata kwa jicho. Ukiisogeza unaharibu kipimo cha ile sensa ya kipepeo, na hapo ndipo kuhema kwa kweli kunapotafutiwa makao.

Mwenye dizeli anayesoma hapa atakuwa amechoka. Dizeli ya zamani kwa kawaida haina kipepeo, kwa hiyo hadithi ya vakyumu haimhusu. Ikihema kwenye sailensa, mara nyingi ni hewa iliyoingia kwenye mafuta, kati ya tangi na pampu. Weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu na uangalie kama kuna mapovu yanapita. Mwenye kabureta naye aanze na jeti ndogo ya sailensa, ambayo tundu lake linazibwa na uchafu ambao hungeuona kwa macho, kisha gasketi ya chini ya kabureta. Mwenye gari lenye valvu ya umeme aivue aisafishe kaboni kabla ya kuilaumu.

Sailensa yangu sasa inakaa 750 na mshale hauchezi. Ila katika ule utulivu mpya nikasikia kitu ambacho fujo ilikuwa imekificha: mtikisiko mdogo, mmoja katika kila mapigo manne, ulioonekana zaidi injini ikiwa na moto. Huo si wa hewa. Sailensa inayohema ni ya injini nzima, lakini mtikisiko wenye mpangilio kama huo ni wa silinda moja. Nilichomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Ya kwanza, injini ikalegea. Ya pili, ikalegea. Ya tatu, karibu haikujua kwamba nimeichomoa. Ya nne, ikalegea.

Plagi mpya, waya mpya, cheche ipo. Nikafungua kifuniko cha tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, nikiwa na fila geji mkononi, yale majani ya chuma ya kupimia nafasi. Valvu ya moshi ya silinda ya tatu, inayotakiwa iwe na nafasi ya milimita 0.30 injini ikiwa na moto, haikupitisha hata jani la 0.15. Ilikuwa imebana kiasi kwamba ikipata moto haifungi kabisa. Na ilikuwa ndiyo tapeti yenye ukimya kuliko zote. Tapeti inayogonga kidogo inakukera masikio tu. Iliyonyamaza inaunguza valvu.

Niliilegeza, nikafunga, nikawasha. Kisha, injini ilipopoa kabisa, nikaenda mbele, nikafungua kifuniko cha rejeta na kuchungulia ndani. Chupa sikuitazama.